Mwenye Mtandao Dhaifu Ndiye Anayechagua Gemu

Duka langu la fotokopi liko Naboa Road, katikati ya Mbale, na mteja akinikuta nimefungua laptopu nikipanda viazi vya kwenye skrini, swali huwa ni lilelile: gemu gani nzuri ya kucheza na marafiki walio mbali? Simjibu kwa jina la gemu. Namuuliza kwanza: kati yenu, nani ana intaneti mbovu kuliko wote, na nani ana mashine kongwe kuliko wote? Wengi hucheka. Wanadhani namkwepa mtu wa kwenye kundi lao asiyejua kucheza. La hasha. Namtafuta huyo kwa sababu yeye ndiye atakayechagua gemu, apende asipende.

Sisi tuko wanne. Mimi naishi Nabuyonga Rise, juu kidogo ya mto. Binamu yangu yuko Walukuba, Jinja. Rafiki niliyesoma naye Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Nkoma ni muuguzi Leicester, Uingereza, na mdogo wake wa kiume yuko Likoni, Mombasa, kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini. Tunaongea Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tunayoimiliki sote wanne. Kigisu changu hakifiki Likoni. Tunacheza Jumamosi usiku, na kile tunachocheza ni gemu za kushirikiana, yaani wachezaji wote wako upande mmoja, wanajenga kitu au wanapambana na adui aliyewekwa na gemu yenyewe.

Hili la kushirikiana nalisisitiza, kwani vijana wetu wengi wameijua gemu kupitia vibanda vya mjini. Unalipia mechi ya mpira, unashika padi, ukifungwa unampisha anayesubiri. Ni raha, na kelele zake nazipenda, lakini ni raha ya wawili wakitazamwa na kumi. Kwenye gemu ya kushirikiana hakuna wa kumpisha. Asiyejua anafundishwa papo hapo, maana makosa yake yanawarudia wote.

Sasa turudi kwa yule mwenye mtandao dhaifu. Watu hudhani tatizo ni kasi, ile wanayotangaziwa kwenye mabango. Kwa gemu, kasi si shida kubwa. Shida ni muda ambao ujumbe mdogo unachukua kutoka kwenye mashine yako hadi kwenye seva na kurudi. Wachezaji huuita pingi, na hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya zinakugharimu milisekunde 10 za kwenda na kurudi, hata kama kampuni yako ingekuwa bora duniani. Njia ya waya kutoka kwetu hadi Uingereza, ukishuka Mombasa kisha ukazunguka baharini, ukiihesabu kuwa kilomita 10,000 tu, tayari milisekunde 100 zimekwenda kabla hujaongeza minara, ruta na foleni za njiani. Hakuna bando la kuziondoa. Ni maumbile.

Maana yake kwa mchezaji ni nini? Kwenye gemu ya kurushiana risasi, adui aliyeko Ulaya anakuona kabla hujamwona. Unajificha nyuma ya ukuta na bado unakufa, kwa kuwa kwa seva ulikuwa hujafika ukutani. Kwenye gemu ya kulima, kujenga, kupika au kutatua mafumbo, kuchelewa huko hukuhisi, au unakuhisi kama mwenzako anayetembea kwa kurukaruka. Ndiyo maana nasema kuna gemu zinazosamehe mtandao na nyingine zisizosamehe. Kundi lenye mtu mmoja wa Mbale na mwingine Leicester lisihangaike na zisizosamehe.

Uganda haina bahari, na jambo hili tunalikumbuka kila mambo yanapoharibika huko chini. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ambapo ujumbe ulipanda hadi kilomita karibu 36,000 juu ya dunia kabla ya kushuka. Kushirikiana kwenye gemu kwa njia ile kulikuwa mzaha. Nyaya zikaja, tukajisahau. Kisha tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa. Wiki hiyo kijana wa Likoni, anayeishi karibu na pale nyaya zinapotokea majini, alikuwa anakwama sawasawa na mimi niliye chini ya mlima Masaba.

Ila si kila ujumbe unakwenda baharini. Kampala kuna kituo cha kubadilishana data kiitwacho UIXP, kilichoanzishwa mwaka 2001, ambako kampuni za intaneti za Uganda hupeana data za wateja wao hapahapa nchini. Mimi na binamu tuko kwenye kampuni mbili tofauti, na kwa sababu ya kituo kama hicho ujumbe wangu wa kwenda Jinja unaweza kuishia Kampala na kugeuza, badala ya kwenda Ulaya na kurudi. Kwa hiyo mkiwa wote ndani ya nchi, tafuteni gemu ambayo mmoja wenu ndiye mwenyeji, yaani dunia ya gemu iko kwenye mashine yake, si kwenye seva ya ng'ambo.

Hapo ndipo wengi hugonga ukuta. Binamu alipotaka kutukaribisha kwenye dunia yake ya Minecraft, tulimpigia hodi hatukumpata, ingawa kila mmoja alikuwa na intaneti nzuri. Sababu ni hii. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi, na kampuni za simu hukusanya wateja maelfu nyuma ya anwani moja. Ni kama sanduku la posta la shule ya bweni: wanafunzi 800, sanduku moja. Mwanafunzi akituma barua, jibu lake likirudi mhasibu anajua la nani. Lakini barua ya mgeni isiyo na jina la mtu, yenye namba ya sanduku pekee, inafika ofisini na kulala hapo. Gemu ya mwenzako inayojaribu kukupata ni barua hiyo isiyo na jina.

Dawa zipo. Iliyo rahisi ni gemu yenye watu wa kati, ambayo kampuni yake inawaunganisha wachezaji kupitia seva zake. Mwenyeji anapewa msimbo wa mwaliko, anautupa WhatsApp, wengine wanauandika, wanaingia. Among Us hufanya hivyo kwa herufi sita. Ya pili ni programu kama ZeroTier, Tailscale au Radmin VPN, zinazofanya mashine zenu zijione kana kwamba ziko kwenye ruta moja. Kila mmoja anaiweka, mnajiunga na kikundi kimoja, na gemu inadanganyika. Ya tatu ni kutumia seva ya kukodi. Aternos wanatoa seva za Minecraft bure, ila ziko Ulaya, na hapo mnarudi kwenye kilomita zile.

Neno VPN linahitaji tahadhari hapa. Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, watu walijifunza VPN kwa wingi, na wengi wakaizoea kiasi cha kutoizima kamwe. Mteja wangu mmoja alilalamika wiki nzima kuwa intaneti yake imerogwa. Nilipofungua simu yake, VPN ilikuwa inamwonyesha yuko Amsterdam. Kila alichomtumia jirani yake wa Namakwekwe kilikwenda Uholanzi kwanza. Tukaizima, uchawi ukaisha.

Kuhusu pesa, watu huogopa upande usiohusika. Kucheza kwenyewe kunakula data kidogo sana, aghalabu makumi kadhaa ya megabaiti kwa saa. Maongezi ya sauti kwenye Discord, kwa kiwango chake cha kawaida cha kilobiti 64 kwa sekunde, ni chini kidogo ya megabaiti 29 kwa saa kwa sauti moja. Video ya nusu saa ya YouTube inaweza kuzidi vyote hivyo. Kinachofilisi ni kupakua. Kuna gemu za gigabaiti mia moja, na tangu Julai 2021 kila bando Uganda linabeba ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018. Kwa hiyo sisi faili kubwa hatuzipakui mara mbili. Mmoja anapakua kwa bando la usiku wa manane, anaweka kwenye diski ya nje, na diski inapanda basi kupitia Tirinyi na Iganga hadi Jinja. Steam, duka tunakonunulia gemu, ina kipengele cha kurudisha gemu kutoka kwenye nakala, na tangu 2023 inaweza pia kuhamisha gemu kutoka laptopu moja hadi nyingine kwenye ruta moja bila kuipakua upya kutoka kwenye intaneti. Sharti ni kila mmoja awe amenunua nakala yake. Kwa kununua tunamtegemea muuguzi wetu, mwenye kadi ya benki isiyokataliwa na mtu. Sisi tunamrudishia kwa nauli na zawadi anapokuja likizo, na deni halijawahi kwisha.

Gemu tuliyotulia nayo ni Stardew Valley, kazi ya mtu mmoja, Mmarekani Eric Barone, aliyeitoa mwaka 2016, kisha ikaongezewa uchezaji wa pamoja kwenye kompyuta mwaka 2018. Ni shamba. Mnapanda, mnamwagilia, mnafuga, mnavua samaki, mnachimba madini. Mama yangu, anayelima kahawa Bududa kwa jembe la kweli, alitazama kwa makini kisha akauliza kama tunalipwa. Lakini sikuichagua kwa sababu ya shamba. Inataka RAM ya gigabaiti 2 na nafasi ya megabaiti 500, na laptopu ya binamu haina zaidi ya kujivunia. Siku moja ndani ya gemu huchukua kama dakika 14 za saa ya ukutani. Na gemu hujihifadhi siku inapokwisha, wachezaji wote wakishapanda kitandani.

Hesabu hiyo ya dakika 14 ndiyo iliyonishawishi. Umeme ukikatika, hasara yenu haizidi robo saa. Kuna gemu ambazo ukikatwa katikati ya mapambano unarudi mwanzo wa saa nzima, na hizo kwa mji wetu ni ukatili. Mgeni akikatika, wengine wanaendelea na yeye hurudi kwa msimbo uleule. Mwenyeji akikatika, wote wanatupwa nje, na siku hiyo inafutika na maboga yake.

Basi mwenyeji awe nani? Kwa hili tumegombana kuliko jambo lolote. Binamu alidai ni yeye, kwa hoja kwamba Jinja ndiko umeme unakotoka: bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, pembeni yake ikajengwa Kiira, na chini zaidi Bujagali ya megawati 250. Alisahau kwamba waya wa kutoka kwenye bwawa hauishii sebuleni kwake. Mtaa wake huzimika kama mingine. Muuguzi ana umeme usiokatika, lakini zamu zake hazitabiriki, na dunia ya Stardew iko kwenye mashine ya mwenyeji. Asipokuwepo, shamba limefungwa. Uenyeji ukaangukia kwangu, si kwa sababu nina umeme bora bali kwa sababu nina betri.

Nieleze kuhusu betri, kwa sababu hapa fedha kidogo inafanya kazi kubwa. Laptopu ina betri yake. Kinachowaangusha watu ni ruta, ambayo hufa sekunde ileile taa inapozima. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na wati chini ya kumi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ndogo ya king'ora au UPS, ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Hata ukikadiria nusu yake tu, ruta inapumua saa nne. Fundi yeyote wa sola mjini atakuunganishia pamoja na chaja yake. Mwambie asome volti kwenye kibandiko cha ruta yako kabla hajagusa kitu, kwani si zote ni 12. Mwenye PlayStation hana bahati hii. Mashine ile inakula umeme mwingi, na ukiukata ghafla wakati inaandika, unaweza kupoteza ulichohifadhi.

Kuna jioni ambazo betri haisaidii. Tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima, na ikarudi tarehe 18. Kwa madarasa mengi shule zilikuwa bado zimefungwa kwa sababu ya korona, amri ya kutotoka nje ilianza saa tatu usiku, na nyumbani kwangu walijaa wapwa waliozoea kushinda kwenye simu. Asubuhi ya kwanza walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekata waya.

Nikawafundisha kitu ambacho kizazi cha bando hakikijui: mtandao hauhitaji intaneti. Simu moja ikiwasha hotispoti, hata bila bando, simu nyingine zikijiunga nayo, tayari mna mtandao wenu wa chumbani. Ruta isiyo na intaneti hufanya vivyo hivyo. Among Us ina chumba cha karibu kwa ajili hiyo hasa. Mini Militia ilipendwa na watoto wa Uganda kwa sababu hiyo. Stardew ina kitufe cha kujiunga na shamba lililo kwenye mtandao wa ndani, na Minecraft inafungua dunia yake kwa walio kwenye ruta moja. Pingi ya chumbani ni milisekunde chache. Tangu nianze kucheza sijaona gemu ikienda laini namna ile. Majirani wakasikia. Mchana watoto wa nyumba za karibu wakaja na simu na chaja zao, wakakaa ngazini hadi sebuleni, na kabla ya saa tatu kila mmoja akakimbia kwao. Wengine walijua majina ya wenzao ya kwenye gemu kwa miezi lakini hawakuwa wamewahi kuonana, ingawa nyumba zao zinatazamana ng'ambo ya mtaro.

Sharti moja la siku kama hizo ni maandalizi. Gemu iwe imeshapakuliwa, toleo liwe moja kwa wote, na programu kama Steam iwe imeshaingiwa kabla, vinginevyo itadai kuthibitisha akaunti kwa intaneti isiyokuwepo.

Kuhusu saa, andikeni kwa namba za saa 24 na mtaje ni za wapi. Nikisema "saa tatu usiku", Mombasa wananielewa. Simu ya Leicester inaisoma kuwa saa 03:00, karibu na alfajiri. Tena Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo tofauti yetu ni saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto. Saa 21:00 zetu ndiyo tuliyoshika, kwa sababu muuguzi huwa ametoka zamu ya mchana, hata kama hajavua viatu. Ramadhani tunasogeza hadi baada ya tarawehe. Agosti ya mwaka shufwa, imbalu, sherehe yetu ya tohara, ikishafunguliwa Mutoto, usinitafute. Barabara imejaa ngoma na nyumba imejaa wageni.

Maikrofoni nayo ina adabu yake. Paa langu ni la mabati, na mvua ya mlima Wanale ikishuka hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo sote tumeweka sauti ya kubonyeza ndipo uongee. Kama una watoto wanaocheza, chumba kiwe cha mwaliko tu, na namba ya simu isitajwe kwa mtu ambaye hamjamwona uso.

Mzozo wa sasa ni kukodi seva yetu wenyewe, ili shamba liwe wazi hata mimi nisipokuwepo. Kijana wa Likoni anataka iwe Afrika Kusini, ambako kampuni kubwa zina vituo vya data tangu 2019 na 2020. Dada yake, yaani muuguzi wetu, anasema Ulaya ni rahisi zaidi kulipia. Binamu anasema alipe yeyote, mradi si yeye, na mwezi huu amelima peke yake mistari yote ya upande wa mashariki, kwa hiyo kura yake ihesabiwe mara mbili. Tumeahirisha hadi Jumamosi. Kabla ya hapo kila mmoja atapima pingi yake kwenda pande zote mbili, saa 21:00, bila VPN, na kuleta namba.